Idd bila blenda: Milkisheki ya mnanaa kwa tui la nazi

SWALI lilikuja kwa simu siku chache kabla ya mfungo kwisha, nalo lilikuwa fupi. Je, ile milkisheki ya kijani ambayo watoto wanaiona kwenye simu inaweza kutengenezwa nyumbani bila blenda, bila friji na bila maziwa ya ng'ombe?

Aliyeuliza ni mama mmoja mkazi wa Mtwara, mzaliwa wa Mucojo, ule mji mdogo wa pwani ulioko wilaya ya Macomia katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Yeye aliolewa huku Tanzania miaka mingi kabla ya vita. Dada zake walibaki kwao mpaka walipolazimika kukimbia, na sasa wamehifadhiwa na jamaa mjini Pemba. Nia yake ilikuwa kwamba alasiri ya sikukuu watoto wa pande zote mbili wanywe kitu kimoja, wakati mmoja, huku wakionana kwenye simu. Friji anayo yeye. Dada zake hawana. Kwa hiyo kinywaji chenyewe lazima kiwezekane kule Pemba kwanza, ndipo na yeye akitengeneze vile vile.

Nikiri kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka na halikufaa. Nilimwambia milkisheki ni maziwa, aiskrimu na mashine, na asiyekuwa na hivyo atengeneze sharubati ya ukwaju. Alishukuru kwa adabu akakata simu. Usiku ule sikuridhika na nilichomwambia, maana nilikuwa nimemjibu kwa mazoea ya jikoni kwangu, si kwa kufikiri.

Hebu tufikiri sasa. Blenda ni kitu cha juzi tu. Mmarekani Stephen Poplawski ndiye aliyebuni mashine ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1922, ikiwa na visu vidogo vinavyozunguka chini ya jagi, na kazi aliyoikusudia ilikuwa hiyo hiyo ya kuchanganya vinywaji vya maziwa. Kabla yake watu walitikisa kwa mkono, na ndiyo maana kinywaji kikaitwa kwa kitendo cha kutikisa. Ubaridi nao ulipatikana bila umeme. Mwaka 1843 mama mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, alipewa hataza ya chombo cha kutengenezea aiskrimu nyumbani, yaani kopo ndani ya ndoo, barafu na chumvi vikajazwa katikati, na mpini wa kuzungusha. Hakuna waya wala swichi. Kopo, ndoo, barafu na chumvi vyote vinapatikana Pemba.

Na ule ukijani wa kwenye simu? Huo ni mtindo wa Marekani. Kampuni ya McDonald's ilianza kuuza milkisheki yake ya kijani, Shamrock Shake, mwaka 1970 kwa ajili ya sikukuu ya Waairishi ya mwezi Machi. Wakati wa Krismasi wenzetu hao hupendelea ya mnanaa iliyonyunyiziwa peremende zilizopondwa. Sikukuu yao si yetu, lakini mtoto aliyefunga mwezi mzima, au aliyejaribu kufunga mpaka saa sita mchana, hajali kinywaji kilianzia wapi.

Maziwa ya pwani ile

Kabla ya mapishi, tuzungumze kidogo kuhusu maziwa, maana hapo ndipo wengi hukosea wanapobeba mapishi ya watu na kuyapeleka pwani.

Mbung'o wamewanyima watu wa kaskazini mwa Msumbiji ufugaji mkubwa wa ng'ombe kwa vizazi vingi. Mifugo mingi ya nchi hiyo iko kusini na katikati, mikoa kama Gaza, Inhambane, Manica na Tete. Mwambao wa Macomia ni wa wavuvi na wakulima wa muhogo. Wenyewe ni Wamwani, na lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili. Huko maziwa ya ng'ombe huja dukani yakiwa ya unga, au ya kopo, yale mazito matamu. Maziwa yanayotoka nyumbani ni tui.

Aliyewahi kufika Pangane, ile rasi ya mchanga mweupe kaskazini kidogo ya Mucojo, ataikumbuka minazi kabla ya kuikumbuka bahari. Lakini hata minazi imepata misukosuko. Ugonjwa unaoifanya igeuke manjano, idondoshe nazi changa na kufa ikiwa imesimama uliripotiwa Cabo Delgado tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisha tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu katika mwambao huo huo kwa upepo wa kilomita zipatazo 220 kwa saa, kikavunja nyumba na kuangusha miti. Mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikatangazwa, na siku hizo hizo Ramadhani ikaanza. Msomaji anaweza kujipigia picha watu walifuturu nini mwaka ule.

Vita vilikuwa vimeanza tayari. Shambulio la kwanza lilitokea Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na wapiganaji wale, ambao wenyeji huwaita Al-Shabaab ingawa si wale wa Somalia, walienea hadi Macomia. Mwaka 2020 maelfu ya watu walikimbia kwa majahazi na kushukia ufukweni Paquitequete, mtaa wa zamani wa Pemba. Kufikia mwishoni mwa 2022 waliohama makwao mkoani walikuwa wamepita milioni moja. Januari 2024 wapiganaji waliingia tena Mucojo na kukaa.

Naeleza haya kwa sababu yanagusa kinywaji chenyewe. Mnazi mrefu wa kwetu huchukua miaka sita au saba, pengine zaidi, kabla ya kuzaa, na hakuna anayekimbia nao. Yule mama aliniambia kwamba kwao nazi hazikununuliwa, zilipanguliwa. Leo dada zake wananunua nazi sokoni moja moja. Basi mapishi yanayomwaga tui, au yanayotaka nazi sita kwa glasi sita, hayawafai. Haya yatakayofuata yanatumia nazi mbili.

Ubaridi usio wa barafu

Mnanaa una faida moja ambayo mwenye friji haioni. Ukiutafuna, kinywa hupata baridi ingawa hakuna kilichopoa. Wanasayansi waligundua sababu yake mwaka 2002. Katika mishipa ya fahamu kuna kipokezi kinachoamshwa na baridi ya kweli, na mentholi iliyomo kwenye mnanaa hukiamsha hicho hicho, ubongo ukadhani barafu imefika. David Julius na Ardem Patapoutian, ambao kila mmoja kwa upande wake alifanya kazi katika ugunduzi huo, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa utafiti wao juu ya hisia za joto na mguso.

Faida yake jikoni ni kwamba kinywaji cha mnanaa hakihitaji kuganda ili kionekane baridi. Kikipoa kiasi, ulimi humalizia wenyewe. Tena mentholi huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji, na tui lina mafuta tele. Ndiyo maana tui hushika harufu ya mnanaa na kukaa nayo.

Hata hivyo mnanaa una aina zake. Huu wa chai, wenye majani ya mikunjo mikunjo na harufu tamu, mentholi yake ni kidogo. Ule mkali unaochoma pua ndio wenye nyingi, lakini sokoni ni wa kubahatisha. Dawa yake ni rahisi, nayo imo ndani ya neno letu wenyewe, kwani peremende asili yake ni jina la Kiingereza la mnanaa huo mkali. Chukua peremende nne au tano nyeupe za mnanaa, zile za dukani za kuondoa harufu ya kinywa, uzisage ziwe unga. Zitaleta ukali uliopungua kwenye majani na sehemu ya sukari juu yake. Anayetuma mtoto sokoni Pemba ajue kwamba wauzaji wengi watauita mnanaa kwa Kireno, hortelã, na barafu wataiita gelo.

Namna ya kutengeneza

Kwa glasi sita tafuta nazi mbili kubwa zilizokomaa, kishada kimoja cha mnanaa cha kujaza viganja viwili, sukari theluthi moja ya kikombe, maziwa ya unga vijiko vinne vya chakula, wanga wa muhogo kijiko kimoja, iliki tatu na chembe ya chumvi. Maji yawe yamechemka kabla hujaanza chochote. Asiyekuwa na kuni au mkaa wa kutosha kuchemsha yote anaweza kutibu maji ya kunywa kwa dawa ya klorini, ile inayouzwa Msumbiji kwa jina la Certeza na kwetu kwa jina la WaterGuard, akifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri muda ulioandikwa.

Kuna nazi, mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua na chuja. Hilo ni tui la kwanza, liweke pembeni na usiliguse. Rudisha vikombe vitatu vya maji kwenye chicha, kamua tena kwa nguvu upate tui la pili.

Sasa mnanaa. Changua majani, osha mara mbili, kisha yatumbukize kwenye maji yanayotokota kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, si zaidi. Yatoe na kuyatia mara moja kwenye maji ya baridi yaliyo salama. Hatua hii watu huiruka wakidhani ni mbwembwe, lakini inaua vijidudu vya bustanini na inashikilia rangi ya kijani. Majani yakichemka sana hugeuka rangi ya mboga iliyolala, na ladha yake inakuwa chungu. Yaponde kwenye kinu pamoja na sukari na iliki mpaka yawe uji. Chembechembe za sukari hukata majani vizuri kuliko kisu.

Koroga maziwa ya unga na wanga katika tui la pili likiwa bado la baridi, kisha bandika jikoni kwenye moto wa wastani, ukikoroga kwa mwiko bila kuacha. Likichemka na kuwa zito kama uji mwepesi sana, tia tui la kwanza na chumvi, koroga upande mmoja, na mara tu litakapoanza kufukuta pembeni epua. Tui la kwanza likiachwa litokote bila kukorogwa litakatika, mafuta yatajitenga juu, na kazi itakuwa imeharibika. Likishapungua moto wa kuunguza kidole, tia ule uji wa mnanaa na unga wa peremende. Funika dakika kumi na tano, kisha chuja kwa kitambaa safi na kukamua.

Mara ya kwanza nilipojaribu sikutia wanga. Nilijiona mjuzi. Kinywaji kilipopoa kikajaa punje nyeupe zinazonata kwenye kaakaa kama mshumaa. Sababu ni kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na bila kitu cha kuyashikilia hukusanyika madonge. Wanga na maziwa ya unga ndivyo vinavyoyazuia yasikutane. Mara ya pili nilitia wanga vijiko vitatu nikapata uji wa mtoto wa kijani. Kijiko kimoja kinatosha.

Asiyekuwa na wanga wa dukani akune muhogo mtamu mbichi, auoshe ndani ya maji na kuchuja. Maji yakitulia saa moja, ule unga mweupe ulioko chini ndio wanga wenyewe. Mwaga maji ya juu taratibu.

Barafu ya samaki

Hapa naomba msomaji asome polepole, kwa sababu ndipo penye hatari.

Katika miji ya pwani barafu ya mapande makubwa huwa ni ya samaki. Imegandishwa kwa maji ambayo hujui yametoka wapi, imeburutwa sakafuni na imekaa kwenye sanduku pamoja na changu na pweza. Ni rahisi kuona mtu akiipasua na kuitia kwenye jagi la sharubati. Usifanye hivyo hata kidogo. Vimelea vya kipindupindu havifi kwa kugandishwa, vinangoja tu barafu iyeyuke. Katika mkoa ambao ugonjwa huo umerudi mara kwa mara, glasi moja ya sikukuu inaweza kuifanya familia nzima imalize Idd hospitalini.

Lakini barafu hiyo hiyo inafaa sana ikikaa nje ya chombo. Ndiyo ile hesabu ya mwaka 1843. Mimina kinywaji kilichopoa katika kopo safi la bati lenye kifuniko kinachobana, kopo la maziwa ya unga la kilo mbili ni zuri, ukiacha theluthi moja tupu. Liweke katikati ya ndoo. Ponda barafu kilo tatu hivi, uipange kulizunguka kopo kwa tabaka, na kila tabaka nyunyiza chumvi ya mawe, kiasi cha sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu za barafu. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, na katika kuyeyuka hufyonza joto kutoka kwenye kopo. Maji yale ya chumvi yanaweza kufika nyuzi kumi chini ya sifuri na zaidi, baridi kuliko barafu yenyewe. Kwa hiyo mtoto asitumbukize mkono, ngozi itaungua kwa baridi. Barafu isifike kwenye kifuniko, maana tone moja la maji yale likiingia ndani kinywaji kitakuwa kimechafuka na tena cha chumvi.

Zungusha kopo kwa mikono miwili, kulia na kushoto, huku watoto wakipokezana. Kila dakika tano pangusa kifuniko, fungua, na kwangua kwa mwiko kile kilichoganda ukutani. Baada ya dakika ishirini au ishirini na tano utaona kimekuwa kizito, kinaanguka kwenye mwiko kwa mapande laini. Acha hapo. Toa kopo, likaushe kwa kitambaa, bana kifuniko na ulitikise kwa nguvu mara hamsini. Ile theluthi uliyoiacha tupu ndiyo inayoingiza hewa na kuleta povu. Milkisheki ni hiyo.

Barafu ikikosekana kabisa, weka kopo ndani ya mtungi wa maji kivulini, ulizungushie kitambaa kibichi mahali penye upepo wa bahari, kwa muda usiozidi saa moja. Halitaganda, lakini litapoa, na mnanaa utafanya kazi yake. Ukiniuliza mimi, ya namna hii ina harufu nzuri zaidi, kwa sababu baridi kali huua ladha ya iliki. Watoto hawatakubaliana nami.

Tui halingoji. Katika joto la pwani linaanza kuchacha mapema, kwa hiyo pima muda tangu ulipoepua sufuria na kinywaji kiwe kimekwisha ndani ya saa mbili. Kisichokwisha kimwagwe, inauma lakini ni heri. Anayetaka kujitayarisha usiku wa kuamkia Idd, na hana friji, asipike chochote. Achangue mnanaa tu, asage peremende, atayarishe wanga, na nazi azikune siku yenyewe.

Jibu la pili

Nilimpigia yule mama na kumweleza yote haya, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kunisahihisha. Kwao, alisema, tui la kwanza hawalikamui kwa maji ya vuguvugu, hulikamua kwa maji ya dafu, na ladha yake ni nyingine. Nimejaribu, na ana haki. Ila maji ya dafu yana utamu wake, sukari ipunguzwe, na dafu lenyewe lipasuliwe muda huo huo.

Alirekodi maelezo kwa sauti yake, kwa Kimwani, akayatuma Pemba kwa WhatsApp. Dada mkubwa alijibu kwa maswali mawili, kama chumvi ya mawe inaweza kutumika tena baada ya kukaushwa, na kama ndoo iliyotumika inafaa kuchotea maji. Chumvi, ndiyo, ichemshwe mpaka maji yaishe na itumike kwa barafu nyingine, isirudi kwenye chakula kwa sababu imekutana na barafu ya samaki. Ndoo ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji ya klorini kabla haijarudi kisimani.

Swali la tatu lilikuja baadaye, la mtoto, akitaka kujua kama mabua ya mnanaa yaliyobaki yanatupwa. Yasitupwe. Chagua yaliyo manene yenye fundo, yasiwe yale yaliyotumbukizwa kwenye maji ya moto, uyasimamishe kwenye glasi ya maji mahali pasipo na jua kali na kubadilisha maji kila siku mbili. Wiki moja au mbili yatatoa mizizi. Hapo yahamishie kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye udongo na mbolea kidogo, na kopo liwekwe karibu na mahali mnapooshea vyombo ili lipate unyevu. Ila maji ya sabuni yasimwagwe ndani yake.